Una miaka 24 na mamako bado asoma meseji zako: namna ya kuipata faragha yako hapa Mombasa

Hii nakuandikia wewe ambaye ushavuka miaka 18, una kitambulisho, pengine wafanya kazi bandarini ama dukani Mwembe Tayari ama uko chuo kikuu cha TUM mwaka wa tatu, na bado ukirudi nyumbani simu yaulizwa, mkoba wafunguliwa, na feri ikikuchelewesha nusu saa babako ashapigia marafiki zako wote kuuliza uko na nani. Nawaandikia pia wa miaka 30 na kitu, manake haya hayaishi kwa umri, kuna watu wana watoto wao na bado mshahara wapita kwa mama kwanza. Siji kukwambia uwachukie wazazi wako, na siji pia kukwambia uvumilie tu kwa vile ni wazazi. Nataka ujue haki yako ni ipi, inaishia wapi, na uanze na nini, kwa sababu wengi huanza na ugomvi, wakishapigiana kelele ndio wakumbuka kwamba laini ya simu ni ya baba, cheti cha kuzaliwa kiko kabatini kwa mama, na akaunti ya benki yasainiwa na watu wawili.

Sheria yasemaje khasa

Katiba ya 2010, kifungu cha 260, yasema mtu mzima ni yule aliyetimiza miaka 18. Haikusema aliyeoa ama kuolewa, haikusema aliyehama kwao, na haikutenga msichana na mvulana. Halafu kifungu cha 31 ndicho cha faragha: usipekuliwe mwili wako, nyumba yako wala vitu vyako, mali yako isichukuliwe, mambo yako ya kibinafsi yasitakwe wala kuanikwa pasipo haja, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Watu wengi wadhani hiyo ni ya kujilinda na polisi na serikali peke yake, lakini kifungu cha 20 chasema haki hizi zamfunga kila mtu, na mzazi ni mtu.

Kuna pia sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018. Kuvunja ulinzi wa simu ama akaunti ya mtu na kuingia bila ruhusa yake ni kosa, adhabu yaweza kufika miaka 3 jela ama faini ya hadi milioni 5, na hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa mamake." Nakwambia ujue uzito wa jambo, sikwambii ukimbie kituoni kesho asubuhi kumripoti mamako kwa kusoma WhatsApp yako. Hilo kwa maoni yangu ni la mwisho kabisa, kesi ya namna hiyo yaweza kushinda mahakamani na ikavunja familia nzima.

Sasa na upande wa pili uusikie, manake ukienda kichwakichwa utaaibika. Nyumba ni yao. Ukishakuwa mtu mzima mzazi halazimiki kisheria kukuweka, isipokuwa mambo maalum ambayo mahakama yaweza kurefusha jukumu la mzazi, kama mtoto mwenye ulemavu ama anayesoma bado. Kwa hivyo mzazi ana haki ya kusema mlango hufungwa saa nne, wageni wa kiume hawapandi juu, hapa hapavutwi sigara, na kama hutaki basi tafuta kwako. Hizo ni kanuni za nyumba yake. Kufungua simu yako, kusoma barua yako ya hospitali, kukupekua mkoba, kuchukua kadi yako ya benki, hizo si kanuni za nyumba, hapo ameingia ndani yako wewe. Ukiweza kutenganisha haya mawili kichwani mwako, hata maongezi yako na wao yatakuwa na adabu zaidi, manake hutabishana juu ya kila kitu.

Na ile sheria ya kulinda data ya 2019 ambayo watu waitaja sana haitakusaidia dhidi ya mamako moja kwa moja, yenyewe yaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani. Lakini yakusaidia sana kwa wengine: benki, chuo, kliniki, mwajiri. Hao wakimpa babako taarifa zako bila idhini yako unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na lalamiko latakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90.

Suala la radhi

Tusijidanganye, Mombasa kinachotufunga si sheria, ni radhi. Mzazi akisema "sikupi radhi zangu" mtu mzima wa miaka 28 atetemeka, na mimi siidharau hofu hiyo, naijua. Lakini heshima kwa mzazi na kuwa wazi mbele yake kwa kila kitu ni mambo mawili tofauti. Dini yenyewe imeyatenganisha. Suratul Israa aya ya 23 yakukataza hata kuwaambia "ufff", sawa, na Suratul Hujuraat aya ya 12 yakataza kupelelezana, na haikusema isipokuwa wazazi. Suratun Nuur aya ya 58 na 59 zafundisha watu wa nyumba moja kubisha hodi vyumbani kwa wenzao, watoto wadogo nyakati tatu maalum na wakishabaleghe kila wakati, yaani ndani ya nyumba hiyo hiyo, familia hiyo hiyo, kuna mahali mtu ana haki ya kuwa peke yake. Na kwa Wakristo, Waefeso 6:4 yawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao. Haya usiyatumie kumpiga nayo mzazi mdomoni, yaweke moyoni ili ukijitetea usijione mkosa.

Kuna na ile hadithi ya Mtume ya "wewe na mali yako ni vya babako" ambayo hutolewa siku ya mshahara. Maulamaa wengi wameifafanua kwamba mzazi mwenye haja apewe cha kumtosheleza, si kwamba afute akaunti yako. Kama kwenu yatumika kama fimbo, nenda ukamuulize sheikh unayemuamini, tena ikiwezekana yule ambaye mzazi wako pia amheshimu.

Anza na makaratasi, kimyakimya

Kabla hujafungua mdomo, hakikisha vitu hivi uko navyo mkononi ama unajua vitapatikanaje: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, pasipoti kama unayo. Kama bado hujachukua kitambulisho cha kwanza, kichukue sasa hivi wakati kuna amani, manake wataulizia kopi ya kitambulisho cha mzazi na ukishagombana hiyo kopi utaitafuta kwa tochi. Piga picha kila karatasi, zitume kwa imeli ambayo hakuna mwengine ana paswadi yake.

Mzazi akikataa kukupa kitambulisho chako, muombe kwanza kwa adabu kisha muombe kwa meseji, ndio ibaki rekodi. Akikataa, mtume mtu mzima wa familia. Ikishindikana kabisa nenda kituo cha polisi, eleza ukweli kwamba kimezuiliwa, usiseme kimepotea, chukua namba ya OB (daftari la matukio) na abstrakti (karatasi ya polisi ya kuthibitisha ripoti), kisha Huduma Centre waombe kingine. Cheti cha kuzaliwa chaombwa upya kupitia eCitizen, na vyeti vya KCSE unaweza kuomba KNEC, baraza la mitihani, wathibitishe matokeo yako ama watoe badala. Pasipoti ni mali ya serikali, mzazi hana haki ya kuifungia kabatini.

Laini ya simu, hapa ndipo pana mambo

Hili nitalikawilia kwa sababu ndilo hushika watu wengi bila kujua. Laini uliyonunuliwa ukiwa kidato cha pili iliandikishwa kwa kitambulisho cha nani? Kama ni cha babako, basi kisheria namba ni yake, anaweza kwenda dukani akaifanyia swap, yaani namba ihamie kwa kadi nyengine, na dakika hiyo hiyo M-Pesa, WhatsApp na namba za uthibitisho za benki zote zimehamia kwake. Piga *106# uone namba zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Kama namba yako haimo, una njia mbili: mwende dukani wote wawili na vitambulisho ihamishwe jina, ama kama hilo litazua moto, nunua laini mpya kwa jina lako.

Ukinunua mpya, fuata mpango huu usije ukajikata mwenyewe. Kwanza toa pesa zote kwenye M-Pesa ya zamani uzitume kwenye mpya. Halafu nenda benki ubadilishe namba, kisha kazini ama chuoni, kisha imeli yako. WhatsApp iache mwisho, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, pale pa kubadilisha namba, magrupu yako yatakuja nawe. Ile ya zamani usiitupe mara moja, iache iwake kwa simu yoyote miezi miwili mitatu hivi manake kuna namba za uthibitisho za mahali ulishapasahau zitaingia huko. Na kwa laini ya Safaricom piga *100*100# ujiandikishe, hiyo yazuia mawakala wasifanyie namba yako swap kiholela.

Sasa simu yenyewe. Fungua WhatsApp, nenda kwenye "vifaa vilivyounganishwa." Ukiona kuna kompyuta ama tableti imeorodheshwa pale na wewe hujawahi kuiunganisha, basi kuna mtu asoma kila kitu chako kwa wakati huo huo unaoandika, na si lazima aliiba kwa utaalamu, dakika moja ulipoacha simu kwenye chaji ukaenda kuoga yatosha. Gusa hicho kifaa, toa. Kisha weka ile PIN ya tarakimu sita ya hatua mbili, na imeli ya kurejesha iwe yako. Baadaye nenda kwenye akaunti ya Google, sehemu ya usalama, angalia vifaa vilivyoingia na namba ya kurejesha akaunti ni ya nani, nshaona mtu abadilisha paswadi mara tatu na namba ya kurejesha bado ni ya mamake, kwa hivyo kila mara mama aingia tu. Angalia Google Maps kama wamshea mtu lokesheni yako. Angalia kama kuna apu ya kufuatilia hukuiweka wewe. PIN ya simu isiwe tarehe yako ya kuzaliwa, mamako alikuwepo siku hiyo. Na alama ya kidole waweza kufunguliwa nayo ukiwa umelala, kama kwenu kuna mtu wa kufanya hivyo tumia namba.

Ila nakuomba ufikirie jambo moja kwanza: kama mzazi wako ni wa kupiga, ukikata kila kitu usiku mmoja atajua na atakuuliza. Katika hali hiyo toa pole pole, ama subiri mpaka uwe na mahali pa kwenda.

Pesa

Hakuna sheria ya Kenya yakulazimisha kumkabidhi mzazi mshahara wako. Kuna watu walifunguliwa akaunti ya mtoto na mzazi ndiye msaini, wakafika 18 na hawakuibadilisha mpaka leo, nenda benki na kitambulisho ufungue yako mpya peke yako, ndio mshahara uingie huko. PIN ya M-Pesa badilisha kupitia *334#.

Lakini usiache mkono mtupu. Wazazi wetu wengi walitusomesha kwa vibarua, kwa kukaanga viazi karai na mahamri, na kusaidia nyumba ni jambo zuri. Panga kiasi, tarehe yake ijulikane, peleka wewe mwenyewe mkononi ama lipa tokeni za stima na gesi moja kwa moja, ukishatoa hiyo huna haja ya kuonyesha stetimenti. Mzazi aliyezoea kushika yote atalalamika miezi ya mwanzo, kisha wengi huzoea, kwa sababu wajua tarehe 5 yaja na kitu chaja.

Hospitali na chuo

Ukiwa mtu mzima daktari hafai kumwambia mzazi wako ulichokwendea, sheria ya afya ya 2017 yalinda siri ya mgonjwa, na majibu ya HIV yalindwa zaidi na sheria yake ya 2006. Shida ya hapa mjini ni kwamba nesi ni jirani, ama mpokezi ni binamu ya mtu. Ukiwa na wasiwasi nenda mbali na mtaa wenu, kama mwakaa Majengo nenda Nyali ama uvuke Likoni, na sema mapema kwamba hutaki taarifa zako zipewe mtu yeyote. Namba ya simu uandike yako, na jamaa wa karibu uandike rafiki ama ndugu wa kukuaminia. Bima ya afya ya serikali jiandikishe mwenyewe kwa SHA, ni *147#, usikae chini ya jina la mzazi ikiwa ushamaliza kusoma. Chuoni nenda ofisi ya msajili uulize nani ameandikwa kupokea matokeo yako, na utoe maagizo kwa maandishi.

Kusema nao

Chagua wakati. Si mbele ya wageni, si wakati wa futari, si siku umerudi usiku na hasira zimepanda. Baada ya Alasiri mko wawili ni vizuri. Ongea na mmoja kwanza, yule laini. Na usianze na katiba, mama hataki kusikia kifungu cha 31, atasikia kwamba wataka kumshtaki.

Maneno yawe machache na yawe ya kitu kimoja. Kwa mfano: "Mama, nikitoka ntakwambia naenda wapi na ntarudi saa ngapi, hilo halibadiliki. Lakini simu yangu kuanzia leo sitaifungua kwa mtu." Atakwambia, najua atakwambia, "kwani wanificha nini?" Usijitetee kwa kutoa orodha ya mambo usiyoyafanya, hapo ushashindwa. Mjibu: "Mama, humo mna mambo ya watu wengine walioniamini, ni amana, si yangu kuyaonyesha." Jibu la amana mzazi wa pwani alielewa vizuri kuliko jibu la haki, manake hata yeye ana ya mashoga zake ambayo hajamwambia mtu. Akiendelea, rudia sentensi hiyo hiyo kwa sauti ile ile. Usiongeze. Akisema hakupi radhi, nyamaza, na kesho asubuhi muamkie kama kawaida, mletee chai, fanya kazi zako za nyumbani. Aone kwamba adabu ipo pale pale na simu imefungwa pale pale, ataona vyote viwili kwa pamoja siku nyingi mpaka aamini.

Ukihitaji msuluhishi, chagua ami ama shangazi ama nyanya ambaye mzazi wako humsikiliza, na ambaye hapeleki maneno. Kila ukoo una mmoja. Yule wa kupeleka habari barazani usimkaribie hata akiwa na huruma namna gani, na wadogo zako usiwape siri kabisa, si kwamba ni wabaya, watabanwa waseme.

Ikiwa yameshapita udhibiti

Kupigwa, kufungiwa ndani, kunyang'anywa pesa zote, kutishwa, kufuatwafuatwa mpaka kazini, kulazimishwa kuolewa, kulazimishwa kupimwa ubikira: hayo yaingia katika sheria ya kuzuia ukatili wa nyumbani ya 2015, na yahusu wazazi na watoto, si mume na mke peke yao. Unaweza kuomba mahakama amri ya ulinzi. Ndoa nayo, sheria ya 2014 yataka miaka 18 na ridhaa ya wote wawili, na hilo halibadiliki kwa Waislamu, kuwepo kwa walii hakuondoi ridhaa yako wewe, na kadhi ukimwambia hukuridhia atakusikiliza.

Piga 1195, ni bure, mchana na usiku. Kituo cha polisi uliza dawati la jinsia, usisimame kaunta ya mbele ukasimulia mambo yako mbele ya watu. Wanawake wana FIDA, shirika la mawakili wanawake, na kwa kila mtu kuna mashirika ya Kituo cha Sheria na MUHURI ya kutetea haki, wote wana watu hapa Mombasa wanaokusikiliza bila kukutoza. Kama umeumizwa nenda Coast General kwanza, kabla hujaoga, ripoti ya daktari ndio itakusemea baadaye.

Ukihama

Kuhama si lazima, na kwa wengine haiwezekani sasa. Ukiweza, mwambie mzazi baada ya kulipa deposit, si kabla, na umwambie wewe, asisikie kwa muuza samaki. Mwambie mtaa hata kama humpi namba ya nyumba: "niko Mikindani, ntakuja kila Ijumaa." Na uende kweli hiyo Ijumaa.

Ufunguo wa akiba mpe rafiki. Caretaker ama mwenye nyumba muonye mapema kwamba hamfungulii mtu yeyote chumba chako, hata akisema ni mamako, mpaka akupigie wewe. Kuingia kwa nguvu nyumbani kwa jamaa ambaye hamuishi pamoja ni mojawapo ya mambo ambayo sheria hiyo ya 2015 imeyahesabu kuwa ukatili, kwa hivyo ikitokea, andika tarehe, piga picha mlango, na umpigie simu yule ami aliyewapatanisha kabla hujampigia polisi.